Alama ya Tope

Nyumbani kwangu Sebleni, nyuma ya mlango,
tuliwapima watoto kwa penseli:
Mudrik siku ya kuanza skuli, Raya asubuhi ya Idi,
kila mmoja na mstari wake na tarehe.
Mwaka wa masika makubwa, maji nayo yakajipima.
Hayakuomba penseli.
Yalichora kwa tope, chumba hadi chumba,
mstari mmoja mnyoofu
uliompita Raya utosini kwa vidole vitatu.

Siku mbili nilikaa juu ya meza.
Godoro lilielea kama mgeni asiyeoneshwa pa kukaa,
sufuria ziligongana gizani,
na karo la jirani likafunguka. Nisiseme zaidi.
Simu ikaita. Mize, dada yangu, yuko Mtende:
"Huko imenyesha?"
Nikacheka mpaka meza ikayumba.
"Na huko kwenu?"
"Imenyesha. Jiwe limeinywa yote,
hata ahsante halikusema.
Tangu alfajiri nina ndoo moja, nayo haijafika shingoni."

Tumezaliwa kwenye jiwe, mimi na yeye.
Mvua ya maweni haikai:
inaingia tundu hili, inatokea pwani,
sisi tungali tunatafuta ndoo.
Kule pangoni, kamba zimechonga mifuo ukingoni mwa mwamba.
Kidole changu cha shahada kinazama chote.
Mfuo ulioingia ndani kabisa ni wa bibi.

Basi usiku ule, mezani, nililaza bomba.
Nililaza kwa akili tu, usinicheke:
litoke hapa penye vyura,
lipite Tunguu, lipite Bungi,
lijifiche chini ya mizizi ya Jozani kima punju wasilione,
Kitogani lipinde, Muyuni livute pumzi,
lifike kwa Mize limebana meno
kama mtoto aliyetumwa na siri.

Miaka sita.
Kisha wakaja vijana wa kofia ngumu.
"Bi Mboja, maji yako hufika wapi?"
Nikafunga mlango, nikawaonesha.
Mmoja akapima: mita moja na sentimita kumi.
Akapiga picha,
na wanangu wakaingia humo, na tarehe zao,
kwenye makaratasi ya serikali.

Mize hakufurahi upesi.
"Maji yenye viatu vya watu, uniletee mimi?"
"Yatachujwa."
"Yachuje mara saba.
Mimi nitajua tu kwamba yalilala kitandani kwako."

Siku ya kufungua, mfereji ulikohoa kwanza.
Ukatema hewa, ukatema kutu,
ukanyamaza kiasi cha watu kutazamana.
Halafu yakaja.
Watoto wakapiga makofi, mbuzi wakakimbia,
mkubwa mmoja akaanza hotuba, hakuna aliyemsikiliza.
Mize hakukinga ndoo. Alikinga kiganja, akanusa.
Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati,
kile cha mama, chenye pengo,
akakijaza, akaninyooshea.
"Onja wewe kwanza.
Wewe ndiye unayeyajua."

Nikanywa.
Dawa kidogo, chuma kidogo.
Nilitafuta godoro langu humo, sikulikuta.
Nikamrudishia kikombe, akanywa kilichobaki, hakusema kitu,
ila usiku nilimsikia akiamka mara tatu
kwenda kuufungua mfereji na kuufunga,
kuufungua na kuufunga,
na mita pale chini inahesabu hata mashaka yake.

Nimerudi mjini. Mudrik anataka kupaka rangi nyumba.
Nimemwambia apake kote, nyuma ya mlango aache.
Raya ameupita mstari kwa kifua kizima,
na bomba linanguruma nikilaza sikio sakafuni.
Lakini mawingu ya Machi yameanza kujipanga,
na mimi, Mungu anisamehe,
vyeti vya watoto bado naviweka juu ya kabati.